Maombi Yaliyochemshwa

Kikohozi ndicho kilichotangulia kufika. Fundi alikuwa ameinamia cherehani, akipinda ukingo wa joho la kwaya, aliposikia mtu akikohoa kwenye kona ya nyumba, kikohozi kizito cha kutoka kifuani, na miguu yake ikasimama yenyewe juu ya pedali. Alikijua. Mama mkwe wake alikuwa nacho tangu wiki iliyopita, na kila akiulizwa alisema ni vumbi tu.

Nyuma ya kikohozi zikaja nyayo nyingi, na sauti za kina mama wa kikundi cha maombi wakisalimiana na jirani.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umerudishiwa. Huko alilala binti yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi, kwa kuwa tangu ajue kusema alikuwa akitoa amri. Saratani ya damu ilikuwa imempunguza kila kitu isipokuwa mdomo. Jana tu walikuwa wametoka hospitali baada ya mzunguko mwingine wa dawa, na muuguzi aliwasindikiza mpaka nje akirudia maneno yale yale: dawa imeua seli mbaya na nzuri pamoja, kwa sasa mtoto hana kinga, mafua ya mtu mzima yanaweza kumwondoa. Joto likipanda, msisubiri kukuche.

Fundi hakuhitaji kurudiwa. Mzunguko uliopita kina mama hawa hawa walikuja, akawafungulia, wakakizunguka kitanda, wakaweka mikono juu ya kile kichwa kisicho na nywele, mmoja baada ya mwingine, kama walivyozoea kanisani. Mmoja wao alikuwa akipenga kamasi. Kabla jua halijazama mtoto alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Alikaa wodini na mpira wa oksijeni puani, siku zikapita bila kufumbua macho. Alipopona, ushuhuda ulitolewa mbele ya waumini kwamba maombi yamemwinua. Fundi alisimama pale mbele, akaitikia amina, na sehemu ya kwanza ya habari akaimeza.

"Hodi humu ndani," mama mkwe aliita, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa.

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Tangu aolewe, hodi ya mama huyu haijawahi kukosa karibu yake. Badala ya kujibu alinyoosha mkono, akazungusha ufunguo, na ule mlio mdogo wa kufuli ukasikika pande zote mbili za mlango.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ila shikamoo ya kupitia tundu la ufunguo ndiyo kwanza naipokea leo."

Kina mama wakacheka kidogo. Walidhani bado ni mzaha.

"Mtoto hana kinga, Mama. Muuguzi amesema asiguswe na mtu."

"Muuguzi amesema. Na Mungu amesema nini?"

"Mama, unakohoa."

"Vumbi."

"Na mara ile ilikuwa vumbi. Alitoka hapa amebebwa."

"Tukamwombea, akarudi anatembea."

"Aliugua kwa sababu yetu," fundi alisema. "Mimi niliyefungua na ninyi mlioingia."

Hakuna aliyewahi kulisema hilo, na sasa lilikuwa limetoka, haliwezi kurudishwa kama uzi unavyorudishwa kwenye kibiringo.

Simu ikaita mezani, kati ya mkasi na chaki. Alikuwa mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa safarini. Mama yake alikuwa ameshampigia.

"Wafungulie, mke wangu. Waingie kidogo tu, watoke. Huyo ni mama yangu."

"Na huyu ni mwanao."

Injini ya lori ikaunguruma muda mrefu. "Mimi niko mbali," akasema mwishowe, kwa sauti ya kuomba radhi.

"Najua. Ndiyo maana mimi niko mlangoni."

Huko nje mmoja wa kina mama alishachoka. "Twendeni, jamani. Pasipo na imani tunasimama kufanya nini?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Fundi aliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango. Kila joho aliloshona mwaka huu lilikuwa na sala ndani ya bitana. Alikuwa akimtaja mtoto wake kwa Mungu mshono baada ya mshono, mpaka jina na mlio wa sindano vikawa kitu kimoja. Je, hiyo si imani? Au imani ni ile inayofungua mlango bila kuuliza, na yeye hana? Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye ufunguo. Ungeweza kugeuka huku au kule.

"Mama, nani hao?" Bosi aliita kutoka ndani.

"Bibi yako na wenzake."

"Mbona haingii?"

Mama mkwe alisogea kwenye dirisha la chumba cha mtoto. "Mke mwenza, wamenifungia nje. Naona unataka kubaki na babu peke yako."

"Una kikohozi, Bibi?"

Vumbi halikutajwa.

"Ninacho, mjukuu wangu. Kidogo."

"Basi niombee hapo hapo. Lakini na mkono nautaka."

Fundi akageuka. Juu ya cherehani kulikuwa na kilemba cha zambarau, alichomshonea Bosi kwa mabaki ya majoho. Akafungua dirisha la kando ya cherehani kiasi cha kiganja, akakipenyeza katikati ya nondo.

"Wekeni mikono hapa."

Walitazamana. Mama mkwe ndiye aliyekipokea. Akakitandaza juu ya viganja vyake, wenzake wakaweka vyao juu yake, na sala ikaanza chini chini, ikapanda, ikakatwa na kikohozi, ikaendelea. Yule aliyetaka kuondoka ndiye aliyelia zaidi. Walipomaliza, fundi alikirudisha kwa kukishika ncha, akaenda nacho jikoni moja kwa moja, na kukitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yakitokota.

Mama mkwe alikuwa amefuata mpaka dirisha la jikoni. "Unachemsha maombi yetu?"

"Nachemsha kikohozi, Mama. Maombi si rangi, hayachuji."

Mmoja akacheka, kisha wote, isipokuwa mama mkwe. Kilemba kilipigwa pasi mpaka kikakauka, na Bosi akakivaa kikiwa bado na joto, akaamuru aletewe kioo.

Wengine waliondoka. Mama mkwe alibaki kwenye ngazi ya mlango, mtandio umefunika mdomo na pua.

Jua lilipoanza kuzama, saa ile ile iliyowatisha mara iliyopita, fundi aliingiza kipimajoto kwapani mwa mtoto. Alikuwa amenawa mikono, na kunawa tena. Dirishani kivuli cha bibi kilikuwa kimesimama. Kipimajoto kilichelewa kulia, kikachelewa, kisha kikalia.

"Kinasema nini?" sauti ikauliza nyuma ya mtandio.

Fundi alikigeuza kwenye mwanga, akakisoma, akakisoma upya.

"Joto halijapanda."

Bibi alijishusha taratibu chini ya dirisha, akakaa. Walisikilizana wakipumua, ukuta katikati yao.

"Kesho nitakuja tena," alisema baadaye. "Nitapiga hodi."

"Sawa, Mama."

"Ila usiniitikie. Mpaka hiki kikohozi kiishe, usiniitikie."