Ufuta Wangu Niliuita Dawa ya Waume

Jamani, kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, wala shetani simsingizii. Ni mdomo wangu huu huu ulioniponza. Jina langu msiliulize. Wa Singida mtanijua tu, na msionijua msihangaike.

Mimi si mtu wa hapa. Kwetu ni Uganda. Nilikuja na mume wangu, dereva wa lori la Mhindi mmoja, homa ikamchukua hata sijazoea upepo wa mji huu. Nikabaki mjane ugenini, Kiswahili nusu, ndugu hakuna. Nirudi kwetu kwa nani? Baba alishakufa, na kaka zangu walishagawana shamba.

Nikaona hapa ufuta upo, na asali ipo tele. Nikawa nakaanga ufuta, nauchanganya na asali, nakata kashata, napeleka sokoni kwenye ungo. Loo! Wanawake walinipita wakinong'ona, "Chakula cha Mganda hicho, nani ajuaye kina nini?" Jioni nakula biashara yangu mwenyewe. Mpaka leo asali siiwezi.

Siku moja mke wa karani wa boma akasimama mbele yangu. Akauliza kwa dharau, "Hivi vidude vyenu vina nini ndani?"

Njaa inaniuma, hasira imenikaba. Nikamsogelea sikioni: "Dada, kwetu hizi mwanamke hampi mtu asiye mumewe. Mume akizila, hajui tena njia ya nyumba nyingine."

Mzaha tu, jamani! Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alitazama huku, akatazama kule, akafungua pindo la khanga yake, akanunua ungo mzima.

Na wiki ile ile karani akaonekana nyumbani kwake kila jioni! Baadaye nilisikia alikuwa na jipu mguuni, kutembea hawezi. Lakini nani anataka kusikia habari za jipu?

Wakaja! Wa mjini, wa Ikungi, mpaka wa Mgori, wananunua na kuficha chini ya khanga. Nami nikanogewa, nikaongeza masharti. Siku ya kumlisha usimgombeze. Mpe maji ya moto ya kuoga. Na kweli, waume wakatulia. Nani hatatulia akipewa maji ya moto na mke asiyegomba?

Sasa panapouma ni hapa.

Palikuwa na mnunuzi wa ngozi, mgane, mtu mpole wa familia ya Kiislamu ya pale mjini. Huyu peke yake ndiye aliyekula kashata zangu tangu wakati ule wa kudharauliwa. Anasimama, anakula, anacheka Kiswahili changu, ananisahihisha. Siku moja akaniambia, "Nitamtuma dada yangu aje kwako na maneno." Sikulala kwa furaha!

Dada mtu akaja kweli, lakini akaja na huyo huyo kaka yake, na alikuwa amefura, habari za dawa zimemfikia. Soko limejaa.

"Wewe mwanamke! Umemlisha nini kaka yangu?"

Mwenyewe akamtuliza, akaniuliza polepole, "Mama, niambie tu. Ni ufuta, au kuna kingine?"

Wateja wangu wote wakasogea karibu. Wanawake wamenikodolea macho. Nikisema ufuta, leo leo watanivunjia ungo kichwani! Neno lenyewe lilikuwa moja tu, jamani, nami nikalimeza. Nikacheka. Nikasema, "Siri ya kwetu haisemwi sokoni."

Akairudisha kashata aliyokuwa ameishika, akaenda zake. Wanawake wakasukumana kununua. Niliuza huku nalia, wakadhani ni moshi wa majiko ya jirani.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwao nikaseme kweli. Nikamkuta barazani, amelegea kama kitambaa. Mganga alikuwa amemnywesha mizizi ya kuitoa hiyo dawa, ametapika mpaka nyongo.

Nikapiga magoti. "Ni ufuta na asali tu. Niliwadanganya wale wanawake nipate kula."

Akanitazama sana. "Kama ulidanganya, mbona jana nilikuuliza ukacheka? Na kama ni dawa kweli, umeniroga. Sasa nikuoe kwa lipi?"

Dada yake akatoka, akanishika mkono, akanisindikiza hadi njiani bila kunitukana. Afadhali angenitukana!

Baadaye akaoa binti wa Mgori.

Mimi je? Habari za kutapika kwake zikaenea, sifa yangu ikapaa. Mganga mzima amehangaika nayo, dawa hiyo si mchezo! Wagane wakiniona wanavuka barabara. Wengine hunisalimia kwa mbali, wameziba pua wasivute harufu.

Nikaona basi, liwalo na liwe. Nikasimama sokoni nikapaza sauti, "Ni ufuta, jamani! Ufuta mtupu!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mke wa karani akasema, "Mjanja huyu! Anaficha siri tusijipikie wenyewe." Wakanunua zote.

Wewe unayefunga mzigo kwenda kutafuta riziki ugenini, nisikilize. Watu wasiokujua watakushika kwa neno lako la kwanza, na ukija kulikana hawakubali. Chunga ulimi kabla hujatandaza bidhaa! Mimi biashara ninayo, nyumba ya bati ninayo. Kila jioni napika chakula cha mtu mmoja, na huyo mmoja naye hali sana.