Firigisi Nyuma ya Kioo

Ile kabati ya kioo, mi niliichukia tangu siku ya kwanza, na hata leo nikiipanguza, napanguza na hasira.

Dada yangu mukubwa, yaya Ngalula, alikuwa anapikia bachimbaji bukari, ule ugali wetu, ku njia ya Mashamba, chini ya hema, tangu bwana yake afariki. Moshi mu macho, vumbi ya makamio, malori makubwa, mu majani ya sombe. Siku moja tata Tshiamala, muzee wa kwetu Kasai mwenye parking ya makamio, akamuambia: "Mama, niko na chumba pembeni ya bureau, ofisi yangu. Lakini nataka libre-service, kila mutu ajipakulie mwenyewe, juu bashoferi hawana saa ya kungojea. Tujaribu siku moja. Inatembea, chumba ni chako. Inakataa, nitapatia mwengine."

Yaya alifurahi mupaka akaachia mutu nafasi yake ya njiani. Nikamuuliza: "Na kama inakataa?" Alikuwa tayari anahesabu feza ya bifaa.

Tukaenda kutafuta bifaa. Samy, mudogo wa marehemu, akatufuata. Samy aliishi Lubumbashi, basi anajua yote. Ku duka la kwanza yaya akapenda bain-marie: beseni refu la chuma, maji ya moto chini, sahani za chakula juu. Kitu cha akili. Unaweka mbabula ya makala chini yake, courant ya umeme iende, irudi, haikuhusu. Samy akacheka. "Yaya, hii ni ya kulishia bafungwa! Macho njo yanakulaka kwanza."

Akatuvuta mupaka duka lingine, na pale njo tulikuta ile kabati: kioo mbele, kioo juu, taa ndani. Nzuri, sikatai. Nikaingiza mukono. Baridi! Kabati ya keki, jamani.

"Samy, utaweka bukari mu frigo?"

"Tutakata baridi, kitabakia kioo."

Tulibishana mupaka muuzaji akaenda kukula, akarudi, akatukuta palepale. Mwisho yaya akachoka, akanunua byote bibili, na fundi Kabemba akaitoboa kabati chini ili bain-marie iingie ndani. Koleo ya nyama na mapawa nilichagua mi mwenyewe, na ni bitu byenye habikutuletea makelele.

Siku ya kujaribu ikafika. Bukari ikatoa mvuke, kioo chote kikawa cheupe, chakula hakionekane. Napanguza, kinajaa tena. "Laurentine, panguza!" Samy analalamika. Nikamutupia kitambaa: "Panguza weye, mutu wa Lubumbashi!" Mupaka tukatoa kioo cha juu, njo mvuke ikapata njia. Kisha Samy akamufungia yaya jikoni, eti mu libre-service mupishi hatokeake.

Na mule mu kabati, juu ya sahani ya kuku, yaya alikuwa amepanga firigisi zote. Zinang'aa na mafuta, kama mapambo.

Saa sita bashoferi bakaingia, tata Tshiamala mbele. Akapakua bukari, akapakua sombe, akafika ku kuku. Akasimama.

Kwetu Baluba ba Kasai, mutu hajichukulie firigisi. Ni ya mwenye nyumba, na bibi yake njo anamupatia, na mikono mibili. Mwanamuke hakule, mutoto hakule. Sasa muzee aichukue na koleo mbele ya batu, kama mwizi? Ao apite, bashoferi ba nyuma baikule yeye anaangalia? Akabakia pale, koleo mu mukono. Mustari wote ukasimama nyuma yake, juu nani atapita muzee? Bukari inapoa.

Samy akasema: "Tata, pakua tu! Mwenye njaa hana miiko."

Eh, Samy! Kinywa gani ile?

Muzee akaweka sahani chini. "Basi mi sina njaa," akasema, akatoka. Bashoferi bakaangaliana, bakaacha sahani zao, bakamufuata.

Nikaingia jikoni. "Yaya! Nani alikuambia uweke firigisi mbele ya dunia yote? Chumba kimeenda!"

Alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. "Kwangu hamuna tena mwenye kuikula, Laurentine. Kila kuku nikipika, naishika mu mukono, sijui niipeleke wapi."

Hasira ikaniisha palepale.

Akapanguza mikono, akaenda ku kabati, akatia firigisi mu sahani, akaifunika, akaipeleka ku bureau. Mi nyuma yake. Akapiga goti, akamupatia na mikono mibili. "Tata, unisamehe. Bwana yangu hayuko. Nilisahau inaendaka kwa nani."

Muzee akafunua, akakula polepole. Kulipobakia moja, akaisukuma kwa yaya. "Hii ni ya mwenye nyumba."

"Tata, mi ni mwanamuke."

"Kesho nani atafungua ule mulango wa chumba?"

Yaya akasema: "Mi."

"Basi kula."

Akaikula amesimama, machozi yanamushuka, na muzee akageuza uso ku dirisha.

Tulipotoka nikamuuliza: "Yaya, firigisi inakuwaka namna gani?"

"Ngumu," akasema. "Miaka yote ile nilikuwa naitoa ku moto mbio, haijaiva, na marehemu hakuniambia hata siku moja."