Konokono kwenye Lenzi ya Mutua

Siku yangu ya kwanza katika karakana moja ya mtaa wa Baba Dogo nilishikishwa ufagio. Shule niliachia darasa la saba. Ninyi vijana wa vyeti, sikizeni: ufagio huo niliutupa nikawa mpimaji wa lenzi, na hajatokea wa kunipiku.

Leza, mwale mkali wa kukatia mabati, hupitia lenzi ya njano, yenye utando mwembamba juu yake. Utando ukiwa dhaifu, joto huutoboa, lenzi hupasuka, na moshi wake ni sumu. Kila mzigo ulipoingia nilichukua lenzi moja, nikaipiga miale, nguvu kidogo kwanza, kisha nikiongeza. Pale nilipopiga sikurudia, palishachoka; nilihamia pembeni yake. Halafu hadubini: kuna kidonda? Wengine hupiga kwa mstari. Mimi nilianzia ukingoni nikizunguka kama gamba la konokono. Karakana nzima iliujua mkono wangu.

Mzigo mmoja ulitoboka mapema, hata nguvu ya kukatia sijaifikia. Nikaukataa.

"Mzee wa konokono, unatufungia kazi," Meneja akasema.

"Utando ni mbovu, bosi."

"Vidonda viko ukingoni, katikati ni safi. Wewe ni ufagio uliovalishwa koti tu."

Akazichukua lenzi zote za mzigo huo, hata ile niliyoijeruhi kwa kuipima. Ikafungwa kwenye mashine ya Mutua, jirani yangu wa mtaani Kayole. Ikapasuka. Moshi ukamjaa kifuani.

Mutua akiwa hospitalini, Meneja alitukusanya. Eti Mutua aliipangusa lenzi kwa shati chafu, kosa ni lake. Vipande vilikuwa mezani. Nikakiweka kimoja chini ya hadubini.

"Njoo umwone konokono wangu, bosi. Lenzi hii ndiyo niliyoikataa."

Hakusogea. "Kusanya nguo zako," akasema.

Ndivyo nilivyostaafu, bila keki wala hotuba.

Jumapili nilimweleza Mutua kitandani. Alikohoa kwanza.

"Kumbe si shati langu?"

"Si shati lako, ndugu yangu."

"Basi mwambie mama watoto. Tangu asikie, anasema ni yeye hakulifua vizuri."

Nikaenda, nikamwambia.

Lenzi niliyoipitisha mimi haijawahi kupasuka. Hilo nitajisifia popote, na anayekasirika akasirike. Lakini kifua cha Mutua hakikupona. Tulipomzika, mkewe alimvalisha shati lile lile la kazi, jeupe, limepigwa pasi hadi kola.