Kisu Nilichokichemsha Nusu Saa

Miaka ya ujamaa nilikuwa muuguzi hospitalini Tarime. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vifaa vya upasuaji wa macho ni salama. Siku hiyo nilichemsha visu nusu saa kwa mafuta ya taa ya mwisho. Mgonjwa wetu, ngariba mzee wa Machochwe aliyepofushwa na mtoto wa jicho, akapapasa trei, akachukua kisu, akakipitisha kwenye ukucha wake.

"Mzee, umekichafua! Sasa nitachemshia nini?"

"Mwanangu, sijawahi kumkata mtu kwa kisu nisichokijaribu. Hiki ni butu."

Nilimpokonya kwa hasira, nikakijaribu kwenye ukucha wangu. Kisu kikali hunasa. Kile kiliteleza kama mgongo wa kijiko.