Farasi Aliyefuata Wimbo wa Fahali

Nilisafiri na farasi yule nyuma ya lori kutoka Ngong mpaka Khayega, siku moja na nusu, nimemshika hatamu ili asiegemee mguu mbovu. Kericho tulinyeshewa wote wawili. Kisumu nilimnywesha maji kwa karai la muuza samaki. Tulipopanda vilima vya Maragoli alilaza kidevu begani mwangu akasinzia, nami nikasema moyoni: huyu ni wangu, hata kama si mimi niliyemnunua.

Aliyemnunua alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu. Farasi alichanika mshipa wa nyuma ya mguu wa mbele akiwa mbioni, na wenyewe walitaka kumpiga risasi. Mzee aliniajiri kwa kuwa nilikwisha kuuguza farasi kwenye mazizi ya mashindano. Ni kazi ya subira: maji baridi asubuhi na jioni, bendeji, kisha kumtembeza polepole, dakika chache zikiongezwa kila wiki. Kukimbia ni mwiko mpaka joto liuhame mguu.

Mtoni ndiko nilikomkuta jirani wa mzee, mtunza fahali wa kupigana. Kila asubuhi alimleta fahali wake kunywa, akimwimbia sifa. Wiki ya pili farasi alianza kutega masikio kabla hatujamwona mtu. Wiki ya nne alinivuta kwenda kwake.

"Mulina, rafiki yangu," yule bwana alicheka, "wewe unampimanga mguu tu. Hujawahi kumwambia ni mzuri?"

"Farasi si ng'ombe."

"Kweli. Ng'ombe hangekuvumilia."

Akamwimbia, na farasi akainamisha kichwa mpaka kifuani pake. Baada ya hapo hata mzee, akinikuta zizini, alianza kwa kuuliza, "Leo ameimbiwa?" Mguu aliuulizia baadaye. Jioni ile obusuma, ugali wa kwao, niliuacha sahanini.

Jumamosi moja fahali wa jirani alikuwa na pigano. Nilijua hatakuja mtoni. Nikamtoa farasi peke yangu, nikampitisha barabarani mbele ya nyumba ya mzee, aone anavyotembea vizuri mkononi mwangu. Mzaliwa wa pale hangethubutu. Siku ya pigano fahali husindikizwa kwa barabara hiyohiyo, kwa ngoma za isukuti na filimbi, watu wakikimbia kando yake. Nilikuwa nimeliona hilo mara kadhaa. Asubuhi ile nilichokiwaza ni jirani tu, na kwamba hayupo.

Msafara ukatokea kwenye kona, yeye mbele akiimba. Farasi aliisikia ile sauti. Kamba ilinichuna viganja vyote viwili. Akatimua mbio, akajitosa katikati ya waimbaji, na umati ukashangilia ukidhani tumelipanga.

Jirani akanyamaza katikati ya mstari. Ngoma zikaendelea, fahali akapita akiongozwa na ndugu za jirani, naye mwenyewe akabaki amemkumbatia farasi shingoni.

"Nenda na fahali wako," nikamwambia.

"Lete bendeji. Mguu unachemka."

Tulisimama mtoni tukimwagia maji ule mguu, yeye na nguo zake za sherehe. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningeshukuru angenitukana. Kelele za uwanjani zilipopanda ghafla alitega sikio.

"Ameshinda," alisema, akainama kuchota maji mengine.

Tulianza upya, tangu dakika za kwanza. Miezi ilipita kabla mguu haujapoa kabisa, kisha mzee akataka kumwona farasi akikimbia. Nilimkabidhi jirani kamba.

"Mwimbie," nikasema.

Farasi alizunguka ua, hatua sawa, hachechemei hata kidogo. Mzee alipiga makofi kama mtoto. Mkoba wangu ulikuwa langoni tangu asubuhi; niliuokota nikaondoka wakiwa bado wanamtazama farasi.

Nilipofika barabara kuu nilijaribu kuuimba ule wimbo, taratibu, nione unavyokaa mdomoni. Nilijua mstari wa kwanza tu.