Insha ya Rukia na Chumba cha Kuoshea

Kafuri ina harufu isiyotoka mikononi kwa kunawa mara moja. Mama alirudi nayo katika nyumba yetu ya kupanga pale Langley Park, akipita kwenye ukumbi wa ghorofa uliojaa harufu ya vitunguu vya kukaanga na sabuni ya kufulia ya majirani, nami nilimtambua kabla hajatia ufunguo mlangoni. Harufu hiyo ilikuwa na maana moja tu: kuna mwanamke wa kwetu amefariki, na Mama pamoja na wenzake wamekwisha kumwosha, kumkausha na kumvika sanda. Nikisema wa kwetu nina maana ya watu wa Tanga, wa Mombasa, wa Ngazija, wa Bujumbura, mtu yeyote ambaye mauti yalimkuta Maryland akiwa hana dada wala shangazi wa kummwagia maji ya mwisho. Msikiti ulikuwa na chumba kidogo nyuma, chenye meza ya bati na bomba refu, na Mama ndiye aliyekuwa na ufunguo wake.

Mimi nilifika Marekani tarehe 16 Agosti 1997, nikiwa na miaka kumi, na sikuwa nimewahi kukaa darasani hata siku moja. Wazazi wangu walitangulia na dada yangu Rukia, nami nikabaki Pangani kumuuguza bibi hadi alipofariki. Nilijua kusoma kalenda kabla sijajua kusoma maneno, kwa sababu kalenda ya dukani ndiyo niliyoitazama nikisubiri kuitwa, na tangu hapo tarehe hazinipotei. Shuleni waliniketisha na watoto niliowazidi urefu. Walinicheka, nami sikulia mbele yao. Rukia, aliyenizidi miaka mitano, alikuwa wa kwanza katika kila somo, na nyumbani ilijulikana bila kusemwa kwamba yeye ndiye atakayetutoa katika ghorofa lile.

Alipotimiza miaka kumi na mitano Mama alianza kumchukua kwenye chumba cha kuoshea. Kazi yake ilikuwa kupima joto la maji na kuyamimina polepole pale anapoelekezwa, na baadaye akaruhusiwa kushika mkono wa marehemu wakati wa kumgeuza. Alikuwa na mikono mitulivu, na Bi Zena wa Mombasa, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema, “Huyu mwana ana mkono mzuri, hamuumizi mtu.” Sharti la chumba kile lilikuwa moja. Utakachokiona mwilini mwa maiti, kiwe kovu, kiwe ugonjwa, kiwe kitu alichokuwa akimficha hata mumewe, hutakisema kwa mtu, wala kwa mwosha mwenzako mkishatoka. Ndiyo maana watu waliwakabidhi mama zao kwa Mama yangu.

Msimu ninaousimulia ni ule wa majani kupukutika wa mwaka 1999, Rukia alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari akiomba nafasi katika vyuo vinavyokataa karibu kila anayebisha hodi. Mshauri wa wanafunzi shuleni kwake alikuwa Bi Lorraine, Mmarekani Mweusi aliyesoma Kiswahili chuoni kwa mapenzi yake mwenyewe, na akakisema vizuri kuliko sisi. Alipofika kwetu mara ya kwanza alisema, “Ninaomba radhi kwa kuchelewa, msongamano wa magari ulikuwa mkubwa kupita kiasi.” Alipoondoka Baba alicheka mpaka akashika ukuta. “Nilidhani redio imewashwa,” alisema. Lakini alikuwa mtu mwema, na kazi yake aliijua. Alimweleza Rukia kwamba alama zake zitamfikisha mlangoni tu. Ndani kuna maelfu wenye alama zilezile, nao wana fidla, wana mbio, wana safari za likizo za kuchimbia watu visima. Kisha akamwuliza anafanya nini nje ya masomo. Rukia akamwambia. Bi Lorraine akasema kwamba katika miaka yake yote hajawahi kukutana na mwombaji mwenye jambo kama hilo, na kwamba lazima aliandike katika insha ya maisha yake ambayo vyuo humdai kila mwombaji.

Jumapili ya tarehe 21 Novemba Rukia aliniita chumbani, akanipa karatasi alizochapa maktabani, akataka nimsomee kwa sauti asikie zinavyosikika. Hakuna aliyewahi kuniomba nimsomee kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiingereza nilikisoma bado kwa kuvuka neno baada ya neno, hivyo nilisimama wima kati ya vitanda vyetu viwili nikayatamka yote kwa fahari, moja moja, mlango ukiwa wazi. Insha ilianza na maji, ikaendelea na mkono wa mwanamke aliyeoshwa mwezi wa Oktoba, kisha ikafika kwenye kitu ambacho Rukia alikiona mwilini mwake. Sitakiandika hapa. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha hospitali, alikokuwa akifanya usafi, na maneno ya mwili ndiyo aliyoyajua kuliko mengine. Nilisikia jiko likizimwa. Alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga.

“Basi, mwanangu, inatosha,” aliniambia mimi. “Umesoma vizuri.” Kisha akamgeukia dada yangu. “Yule ana watoto, Rukia.”

“Sikumtaja jina, Mama. Hao wanaosoma wako mbali, hawamjui. Wanasoma maelfu.”

“Kwa hiyo maelfu ya insha zitapita, na ya kwako ndiyo itakayomvua nguo.”

“Wenzangu wana fidla!” Rukia alisema, na sauti yake ikapasuka. “Wana farasi! Mimi nina nini? Mimi nina maiti.”

“Maiti si wako,” Mama alisema. “Umeazimwa saa moja tu, umwoshe.”

Bi Lorraine alipokuja wiki iliyofuata, Mama alimkaribisha chai na mahamri, akamwuliza swali moja tu: bila maneno yale, mtoto hataingia? Bi Lorraine aliweka kikombe chini. “Sijui, mama yangu,” alisema. “Nikikwambia ninajua, nitakuwa ninakudanganya. Hakuna anayejua kwa nini huyu anachukuliwa na yule anaachwa. Ninajua tu kwamba msomaji huchoka, na kitu asichowahi kukiona humwamsha.” Rukia akaandika upya, akaeleza maji, kafuri, kukunja sanda, akamwacha marehemu pembeni. Hata mimi, msomaji mchanga, nilihisi kwamba ile ya pili ilikuwa safi na baridi kama sahani iliyooshwa. Mama aliposomewa, alisema ni nzuri.

Barua nene ya kukubaliwa chuoni ilifika Alhamisi, tarehe 6 Aprili 2000. Baba alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Mama alimkumbatia Rukia, akalia, akaanza kuosha mchele wa pilau, na hapo, akiwa ameinama juu ya beseni, Rukia alimwambia kwa sauti ya chini kwamba aliyoituma ni insha ya kwanza. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Hadi leo namheshimu kwa hilo. Mama hakuacha kuosha mchele. “Hongera, mwanangu,” alisema, na pilau ikapikwa, ikaliwa. Mwezi wa Mei alifariki mwanamke mmoja wa Takoma Park. Rukia alishavaa hijabu, amesimama karibu na mlango na viatu mkononi. Mama alichukua mkoba wenye kafuri, akampita, akasema, “Pumzika leo.” Hakumwita tena. Septemba Rukia alikwenda chuoni, akawa daktari wa watoto, na sijapata kusikia mgonjwa akimlalamikia. Hatujui kama insha ile ndiyo iliyomwingiza. Lakini mtaani ilishapita kauli, sijui ilianzia kwa nani, kwamba Rukia kaingia chuo kikuu kwa mgongo wa maiti, na waliokuwa wakiisema walicheka, kisha wakaenda kuwatafutia binti zao jambo la namna hiyo.

Mama amekwishatangulia, na ufunguo wa chumba ninao mimi. Shahada yangu niliipata nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nikiwa na mtoto na kazi, na sioni haya kusema kwamba sikuomba upendeleo kwa mtu. Mume wangu alifariki tarehe 9 Machi 2022. Wanaume wa msikiti walimwosha nami nikakaa nje ya mlango, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, kwa neno wala kwa jicho, ni nini walichokiona baada ya ugonjwa ule. Kwa sababu hiyo ninaweza kusalimiana nao kila Ijumaa.

Siku hizi simu huanza kulia mwezi wa Agosti. “Dada, binti yangu anaingia mwaka wa mwisho, naomba umchukue pale kwenye kuosha, hata mara mbili tatu tu.” Wengine wana washauri wa kulipwa ambao wameshawaambia kwamba jambo hili ni adimu. Mmoja aliniuliza kama naweza kumpa mtoto hati ya kuthibitisha kwamba ameosha. Nikaweka kanuni ambayo Mama hakuihitaji: msichana wa mwaka wa mwisho haingii chumba kile kuanzia Septemba hadi maombi ya vyuo yafungwe Januari. Binti yangu Salma, ambaye ameosha pamoja nami tangu ana miaka kumi na mitano, alipoingia mwaka wa mwisho aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kama kanuni inamhusu yeye pia. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba inamhusu.

Jumamosi, tarehe 15 Novemba mwaka jana, tulimpokea mwanamke mzito wa mwili, na waosha tulikuwa wawili tu, mimi na Bi Zena, ambaye magoti yake sasa hayamruhusu kuinama. Tulijaribu kumgeuza, tukashindwa. Mara ya pili nusura tumwangushe. Salma alikuwa ametuleta kwa gari na alikaa kwenye kiti ukumbini. Nilipofungua mlango nilimkuta amesimama, mikono ya gauni ameshaikunja.

“Insha yako umeshaituma?” nilimwuliza.

“Bado.”

“Umeandika kuhusu nini?”

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Nyuma yangu Bi Zena alikuwa amemshikilia marehemu begani, akihema. “Jamani, mwacheni mwana aingie,” alisema, “huyu bibi anateleza!” Nikasogea. Salma akapita, akavaa glavu, akapitisha mkono chini ya mgongo wa yule mwanamke taratibu, na tukamgeuza.

Mama yangu alimfungulia binti yake mlango bila kumwuliza kitu, akaumizwa. Mimi nilimwuliza wa kwangu, na hadi leo hajanijibu.