Godoro la Yosefu

Alasiri ya Noeli nilialikwa chakula na jirani zangu wa Katoyi, baba, mama na binti zao wawili, waliokimbia vita vya makundi yenye silaha mjini Kiwanja. Wali ulikuwa mwingi, nyama kidogo. Watoto walikuwa wamejenga pango la Noeli kwa mawe meusi ya volkano, ambayo hapa kwetu hayakosekani katika ua wa mtu yeyote.

Binti mkubwa, wa miaka sita, alikata kipande cha sponji akakifunga kwa uzi juu ya kichwa cha sanamu ya Yosefu.

"Hiyo ni kofia?" nikamuuliza.

"Hapana, muzee. Ni matela. Si wanakimbilia Misri?"

Tulicheka sote kwa godoro hilo, hata mama yake, ambaye alibeba lao kichwani kutoka Kiwanja hadi hapa. Mtoto hakucheka. Akamgeukia baba yake.

"Papa, Herode alikuwaka wa kundi gani?"

Kicheko kikakatika. Baba aliweka sahani chini, akaenda kufunga dirisha, akarudi kumwinamia binti yake sikioni.

"Ni mufalme wa zamani, mama. Jina lake usilitaje kwa sauti."

Mapadri na wachungaji wamenihubiria Noeli tangu utotoni, wote wakimtaja Herode kwa kipaza sauti, kama mtu aliyekwisha kufa. Jirani yangu hakusomea dini popote, lakini ndiye wa kwanza niliyemwona akifunga dirisha kabla ya kumzungumzia.